KARATASI YA MNYONGE ISITUPWE MLANGONI

Ndugu zangu wafanyakazi,

Nataka kuwapa habari ya watu wa reli wenzetu, waliokuwa wakifanya kazi katika banda la mizigo la mji wa Houston, katika jimbo la Texas, huko Marekani. Habari hiyo ni ya miaka ya 1954 mpaka 1957, lakini yatuhusu sisi leo, tena yatuhusu kwa njia isiyopendeza. Walioshtakiwa katika kesi ile si matajiri wenye reli. Walioshtakiwa ni chama cha wafanyakazi.

Lakini kabla sijafika Houston, yafaa nianze na kosa langu mwenyewe, kusudi mtu asidhani kwamba nasema juu ya wengine peke yao.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika gengi la kutengeneza njia ya reli, chini ya kontrakta mmoja. Wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao. Nilikuwa kijana, na kwa kuwa nilisoma shule ya msingi ya misheni na kujua kuandika barua yenye anwani na tarehe, nilijiona karani mkubwa. Asubuhi moja akanijia mzee wa gengi letu, mtu aliyekuwa akibeba mataruma tangu mimi sijazaliwa. Ameambiwa kwamba nafasi yake imefutwa, aende nyumbani. Mkononi alikuwa na ukurasa uliochanwa katika daftari la mjukuu wake, umeandikwa kwa penseli. Maneno yake yalikuwa machache: wamesema kazi hakuna, lakini kazi iko, mimi naiona kwa macho yangu.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hii si barua. Haina tarehe, haina namba yako ya kazi, wala hukutaja kifungu cha mapatano. Nenda ukaandike vizuri, halafu urudi."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya, mwanangu," akaikunja karatasi yake, akaenda zake. Hakurudi. Haukupita muda, nyundo yake ilikuwa mikononi mwa kijana mgeni, katika kazi ile ile iliyosemekana imefutwa. Mzee yule alipopata mtu wa kumsaidia, ile miaka mitatu ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi kupeleka madai yake mahakamani ilikuwa imekwisha kupita. Karatasi yake ilikuwa na haki ndani yake, nami niliitupa mlangoni kwa sababu haikuvaa viatu.

Sasa twendeni Houston.

Mwezi wa Mei 1954, kampuni ya reli iliyoitwa Texas and New Orleans Railroad ilisema imefuta nafasi 45 za kazi katika banda lake la mizigo. Nafasi zote hizo zilikuwa za watu weusi. Wengine wakafukuzwa, wengine wakateremshwa vyeo. Lakini, kama walivyosema wenyewe katika madai yao, nafasi zile hazikufutwa hata kidogo. Walitiwa watu weupe ndani yake. Weusi wachache waliorudishwa katika kazi zao za zamani walirudishwa kama watu wapya. Miaka yao ya utumishi ilipotea, na mfanyakazi wa reli asiye na miaka nyuma yake ndiye wa kwanza kuondolewa siku mambo yakiwa magumu.

Watu wale walikuwa na chama. Sheria ya kazi za reli ya nchi ile inasema kwamba chama kilichochaguliwa na wafanyakazi walio wengi ndicho kitakachosema na kampuni kwa niaba ya wote. Chama hicho kilikuwa Tawi namba 28 la chama cha makarani na watu wa mizigo wa reli, na mapatano yake na kampuni yalikuwa na maneno mazuri ya kuwalinda watu wasifukuzwe ovyo. Weusi wakaenda kwa viongozi wao mara nyingi kuomba msaada. Walisema kwamba chama hakikuwafanyia lolote, na kwamba ulinzi waliopewa wenzao weupe wao walinyimwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi wakakishtaki chama. Kesi yao inaitwa Conley na Gibson. Hawakuomba mtu afungwe, maana hii ilikuwa kesi ya madai, si ya jinai. Waliomba mahakama itamke haki yao, ikizuie chama kuendelea na ubaguzi, na iwape fidia.

Chama hakikusubiri mashahidi. Kiliomba kesi ifutwe palepale mwanzoni, kwa hoja tatu. Hoja ya kwanza, kwamba ugomvi wa namna hii ni wa Bodi ya kusuluhisha mambo ya reli peke yake, haumhusu jaji. Hoja ya pili, kwamba kampuni ya reli haikuunganishwa katika kesi. Hoja ya tatu, nayo ndiyo ninayotaka muishike, kwamba hati ya madai haikuonyesha dai lolote ambalo sheria inaweza kulitibu.

Jaji wa kwanza aliifuta kesi kwa sababu ya habari ya Bodi. Watu wa Houston wakakata rufani. Mahakama ya rufani ikakubaliana na jaji. Wakakata rufani tena, mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, ambako walisemewa na wakili Joseph C. Waddy. Tarehe 18 Novemba 1957 majaji walitoa hukumu yao, iliyoandikwa na Jaji Hugo Black, wala hapakuwa na jaji hata mmoja aliyepinga. Wakasema kesi haikustahili kufutwa.

Tafadhali muelewe vizuri walichoamua na wasichoamua. Hawakusema kwamba chama kina hatia. Hapakuwa na shahidi aliyeapishwa, wala kitabu cha mishahara kilichofunguliwa. Rufani yote ilikuwa juu ya karatasi moja tu, yaani hati ya madai, na swali lenyewe ni hili: tukichukulia kwamba kila neno lililoandikwa hapa ni kweli, je, sheria ina dawa yake?

Ndugu zangu, tofauti hii wengi wetu hatuijui, nami nilikuwa siijui. Mtu akiniletea madai, naanza kumwuliza, "Ushahidi wako uko wapi? Nani alikuona?" Hilo ni swali la siku nyingine. Swali la mlangoni si kama jambo ni kweli. Swali la mlangoni ni kwamba, likiwa kweli, ni kosa mbele ya sheria au si kosa.

Nitatoa mfano. Mtu akidai mahakamani kwamba mnyapara hakumwamkia asubuhi kwa mwezi mzima, na kwamba apewe fidia, tunaweza kukubali kwamba ni kweli tupu, hata mnyapara mwenyewe akiri, lakini sheria haina dawa ya salamu. Karatasi hiyo itarudishwa mlangoni, na ni haki irudishwe. Lakini mtu akisema nafasi yake ilifutwa kwa uongo na mwingine akawekwa ndani yake kwa sababu ya rangi, au kabila, au chama, hiyo ikiwa kweli, sheria ina la kusema. Basi aingie, ndipo tumwulize mashahidi.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mlangoni pa mahakama jaji hutazama kama pana mawingu. Hapimi maji yaliyo katika pipa, kwa maana mvua haijanyesha bado.

Chama kilimwambia jaji kwamba hati ya watu wa Houston haikueleza mambo kwa urefu wa kutosha. Majaji wakajibu kwamba kanuni za kesi za madai za 1938 hazimtaki mdai aeleze kila jambo kinaganaga. Zataka maelezo mafupi na ya wazi, yatakayomjulisha mshtakiwa anadaiwa nini na kwa sababu gani. Mengine yatatoka baadaye, wakati pande mbili zinapofunguliana makaratasi na kuulizana maswali kabla ya siku ya kusikilizwa. Tena wakasema kwamba kuandika madai si mchezo wa werevu, ambao wakili akikosa hatua moja mtu wake amepoteza kila kitu. Wakaweka na kipimo kilichofuatwa kwa miaka 50 karibu: kesi isifutwe mlangoni ila ikiwa haina shaka kabisa kwamba mdai hawezi kuthibitisha jambo lolote la kumpa haki.

Kwa nini kipimo hiki ni kikubwa kwa mfanyakazi kuliko kwa tajiri? Kwa sababu ya mahali makaratasi yalipo. Tajiri anapomdai mfanyakazi, hati zote zimo ndani ya kabati lake. Mfanyakazi anapomdai tajiri, hati zote bado zimo ndani ya kabati la tajiri. Sababu za kufuta nafasi, orodha ya waliobaki, barua za maofisa wakubwa baina yao, hayo yote mfanyakazi hayaoni. Yeye aliona jambo moja tu, kwamba alitoka mlangoni na mwingine akaingia. Mkimwambia athibitishe kila kitu kabla hamjamfungulia, mmemwambia alete funguo za kabati ambalo hajapata kuligusa.

Juu ya Bodi, majaji walisema kwamba Bodi ile ilikuwa ya ugomvi baina ya wafanyakazi na kampuni zao, na kesi hii ni ya wafanyakazi na chama chao. Halafu wakasema neno ambalo kila kiongozi wa chama angelibandika ukutani. Kazi ya chama haiishi siku ya kutia saini mapatano. Inaendelea kila siku, katika kutafsiri mapatano na kusuluhisha mambo madogo madogo ya kazini. Mapatano yanaweza kuwa safi kabisa katika karatasi, na ubaguzi ukawa katika namna ya kuyatumia. Chama kikishaanza kupeleka malalamiko ya baadhi ya watu wake, hakiwezi kukataa kupeleka ya wengine kwa sababu ya weusi wao.

Neno hili halikuanzia Houston. Mwaka 1944 mahakama hiyo hiyo ilisikiliza rufani ya Bester William Steele, mtia makaa wa treni katika kampuni ya Louisville and Nashville, jimbo la Alabama. Chama cha watia makaa kilikuwa hakiwapokei weusi kuwa wanachama, na bado ndicho kilichosema kwa niaba yao. Mwaka 1941 chama kilipatana na kampuni kwamba weusi wasizidi nusu katika kila daraja ya kazi. Steele akaondolewa katika kazi nzuri, akapewa iliyo nzito na yenye mshahara mdogo, na waliochukua mahali pake ni weupe waliomfuata kuandikwa. Mahakama za Alabama zilimwambia kwamba hati yake haionyeshi sababu ya kudai. Mahakama Kuu ikazipindua. Ikasema kwamba chama kilichopewa na sheria uwezo wa kusema kwa ajili ya wote, kimepewa pia wajibu wa kuwatendea wote kwa haki. Kwa hiyo na Steele naye karatasi yake ilitupwa mlangoni kwanza, ndipo ikaokotwa.

Mtu ataniuliza, "Habari za Alabama na Texas zatuhusu nini sisi wa Kenya?" Zatuhusu kwa mambo mawili.

Jambo la kwanza ni mlango wenyewe. Kanuni zetu za kesi za madai za 2010, Amri ya 2 kanuni ya 15, zampa jaji uwezo wa kuifuta hati isiyoonyesha sababu ya maana ya kudai, na ombi la namna hiyo halipokei ushahidi, kwa sababu karatasi yenyewe ndiyo inayotazamwa. Ni mlango ule ule wa Houston. Na Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema zamani jinsi mlango huo uchungwe, katika kesi ya D. T. Dobie na Muchina, iliyochapwa katika vitabu vya hukumu vya 1982. Jaji Madan alifundisha kwamba kesi isifutwe kwa mkato ila ikiwa dhaifu kiasi cha kutotibika hata kwa kurekebishwa. Ikiwa pana pumzi kidogo ndani yake, na marekebisho yanaweza kuitia uhai, iachwe iendelee. Mawakili wetu hulitaja neno hilo mpaka leo. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 159, ikaagiza mahakama zitoe haki bila kufungwa mno na ufundi wa taratibu, na kifungu cha 48 kikaiagiza serikali ihakikishe kwamba kila mtu anaweza kuifikia haki. Haya ni maneno yetu wenyewe, hatukuyaazima.

Jambo la pili ni wajibu wa chama. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, chama chenye wengi wa wafanyakazi wanaoweza kujiunga nacho ndicho kinachotambuliwa na mwajiri, na mapatano yake huwafunga hata wale ambao si wanachama. Maana yake ni kwamba tunawasemea watu ambao hawakutuchagua, na pengine hawatupendi. Wengi wape, ndiyo, lakini wachache wasinyang'anywe. Wazee wetu wa reli hii, wakati wa ukoloni, walipangiwa vyeo na mishahara kwa rangi ya ngozi, nao wakalipigania jambo hilo mpaka likaondoka. Itakuwa aibu kubwa kwetu sisi watoto wao kuondoa kipimo cha rangi na kuweka kipimo cha kabila, au cha nani alimpigia nani kura katika uchaguzi wa tawi.

Tena tusidhani kwamba mlango ukifunguliwa mara moja umefunguliwa milele. Marekani wenyewe wameurudisha nusu. Mwaka 2007, katika kesi ya wateja wa simu waliozishtaki kampuni za simu, inayoitwa Bell Atlantic na Twombly, Mahakama Kuu ilikiacha kile kipimo cha 1957. Sasa mdai hana budi kueleza mambo ya kutosha kulifanya dai lake lielekee kuwa kweli, wala haitoshi kwamba linawezekana tu. Mwaka 2009, katika kesi ya Ashcroft na Iqbal, kwa majaji watano dhidi ya wanne, wakasema kipimo hicho kipya ni cha kesi zote za madai. Kwa hiyo swali lililokuwa la siku ya mashahidi limesogezwa karibu na mlango, na aliye nje bila makaratasi ndiye anayeumia.

Najua yapo maneno ya upande wa pili, tena si ya kipuuzi. Walioufinya mlango walisema kwamba kesi ni gharama. Mshtakiwa asiye na kosa hulazimika kufungua makabati yake, kulipa mawakili, na mwisho hulipa kidogo ili apumzike, si kwa sababu alikosa. Na sisi wenye chama tulione hilo vizuri, maana chama nacho hushtakiwa, na fedha za kujitetea ni michango yenu inayokatwa kila mwezi. Mlango ukiwa wazi kabisa, hata mtu aliyefukuzwa kwa halali, kwa ulevi au kwa wizi, ataingia na kutuchosha.

Najibu hivi. Kufungua mlango si kutoa mali. Mwongo akiingia, ataanguka siku ya mashahidi, na gharama zaweza kumrudia. Lakini mkweli akifungiwa nje, hana siku nyingine. Kosa la kumpokea mwongo kwa muda linarekebishika, na kosa la kumfukuza mkweli halirekebishiki. Mimi nalijua hilo, kwa sababu mzee wangu wa gengi hakupata siku nyingine.

Na juu ya fedha za chama, nawaambia wazi kwamba njia rahisi ya chama kutoshtakiwa si kutafuta wakili mjanja wa kuzifuta kesi mlangoni. Ni kumsikiliza mwanachama kabla hajafika huko. Viongozi wa Houston walitumia miaka wakibishana kwamba karatasi za weusi hazina dai. Kuandikia kampuni barua moja na kuuliza kwa nini nafasi iliyofutwa ina mtu ndani yake kungekula stampu moja tu.

Haya ndiyo maoni yangu, na ninayaweka mbele ya matawi yote. Afisi ya tawi nayo ina mlango, na mlango huo tunaulinda sisi. Mwanachama akija na neno lake, hata kwa penseli, hata kwa mdomo, mwakilishi aulize swali la Houston kwanza: kama asemayo ni kweli, amekosewa au hakukosewa? Ikiwa amekosewa, mwakilishi mwenyewe achukue kalamu. Tarehe itafutwe, namba ya kazi itafutwe, kifungu kitafutwe. Kazi hiyo ni ya mwakilishi, si ya mzee mwenye penseli. Tumechaguliwa kwa sababu tunajua kuandika, na kujua huko kusiwe fimbo ya kumpigia asiyejua. Kila neno liandikwe katika kitabu cha tawi, na kila neno lijibiwe kwa barua, hata kama jibu ni kwamba hatuwezi kuliendeleza, na sababu itajwe. Ikiwa tumekataa, mtu aambiwe upesi, akatafute njia nyingine miaka yake mitatu ingali hai.

Na wewe mwanachama nawe una sehemu yako. Mlango mpana haukupi ruhusa ya kuandika ovyo. Neno lililonyooka humsaidia hata jaji mwenye huruma. Ukikosewa, andika mambo haya siku ile ile, au mwambie mtoto akuandikie: wewe ni nani, na kazi yako ni ipi; nani alikutendea; alitenda nini; siku gani, na kama huijui tarehe, taja hata siku ya mshahara iliyokuwa karibu; na unataka nini, urudishwe kazini, ulipwe, au waache wanalolifanya. Mambo hayo matano yakiwamo, karatasi yako imeshasimama kwa miguu yake. Usijaze matusi. Usiandike usilolijua. Usimpe mtu nakala ya pekee uliyo nayo.

Hasa ukiambiwa kwamba nafasi yako imefutwa, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 haimwachii mwajiri afute kwa mdomo tu. Kama wewe ni mwanachama, chama chako na afisa wa kazi wapewe habari kwa maandishi, na sababu zake, si chini ya mwezi mmoja kabla. Katika kuchagua wa kuondoka, miaka ya utumishi itazamwe, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Na anayeondoka alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Basi ukimwona mtu mwingine ameshika nyundo yako, usinyamaze. Hayo ndiyo mawingu. Njoo utuambie.

Wale watu wa Houston hawakupata malipo siku ile ya Novemba 1957. Walipata ruhusa ya kusikilizwa, basi. Walipanda mahakama tatu, zaidi ya miaka mitatu tangu wafukuzwe, ili waambiwe kwamba karatasi yao yastahili kusomwa mpaka mwisho. Mwanachama wetu asihitaji kupanda ngazi hizo kwa ajili ya kusomwa na chama chake mwenyewe.

Daftari la malalamiko la gengi letu sasa ninalo mimi, na penseli imefungwa kwa uzi kando yake. Anayetaka kuniletea neno lake ajue kwamba sitamwuliza tena habari ya anwani.

Mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Njia ya Reli